Mwali Ametoka Ndani, Lakini Ubongo Wake Bado Unajengwa



Shule zinapofungwa, mwezi wa Juni au Desemba, ukipita katika vijiji vya Newala na Masasi utasikia ngoma za unyago. Wali wanatolewa ndani. Wamepakwa mafuta, wamevaa khanga mpya, na mashangazi wanawatunza fedha huku wakipiga vigelegele. Ukiwatazama kwa makini utaona kwamba hawalingani. Yuko wa miaka 13 au 14 ambaye amekwisha kuvunja ungo. Pembeni yake yuko mtoto wa miaka 9, kifua bado bapa, ambaye amechezwa mapema ili asije akakosa masomo baadaye, au kwa sababu dada yake alikuwa anachezwa na baba akaona afadhali gharama iwe moja.

Wote wawili huambiwa neno lile lile: sasa umekua. Usiingie tena chumbani kwa wazazi. Usicheze tena na watoto.

Baada ya miezi michache, mama yule yule aliyepiga vigelegele anakuja kwa wenzake analalamika. "Huyu mtoto nimemcheza, amefundishwa kila kitu, lakini hana akili! Leo mpole, kesho ananinunia. Nikimtuma dukani harudi. Akiwa na wenzake huwezi kuamini kwamba ni yeye." Na wengine kati yetu wamelia kilio kikubwa zaidi, pale binti alipopata mimba akiwa darasa la saba au kidato cha pili.

Hapo ndipo tunapouliza: mbona alikwisha kukua? Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wataalamu wamelifahamu vizuri zaidi katika miaka ya karibuni, nalo ni kazi inayofanyika ndani ya kichwa cha mtoto wakati anapobalehe. Tukilielewa, tutaona kwamba hasira zetu nyingi kwa watoto hawa zinatokana na kudai matunda kwa mti ambao ndio kwanza unachanua.

SAA ILIYOMO KICHWANI

Wengi wetu tunadhani kubalehe kunaanzia kifuani au tumboni. Sivyo. Kunaanzia kichwani. Chini kabisa ya ubongo, katikati, kuna sehemu ndogo iitwayo hipothalamasi. Wakati unapofika, sehemu hiyo huanza kutuma ishara kwa vipindi, hasa usiku mtoto anapolala. Ishara hizo hufika kwenye tezi ndogo iliyo chini yake iitwayo pituitari, na pituitari hupeleka habari kwa njia ya damu hadi kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana. Huko hutengenezwa homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzituma katika damu kama mtu atumavyo barua. Ya wasichana hasa ni estrojeni, ya wavulana hasa ni testosteroni.

Kwa kawaida kazi hii huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa msichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa mvulana. Ndiyo maana darasa la sita wasichana huwa warefu kuliko wavulana, na wavulana wakanung'unika. Hedhi ya kwanza huja baadaye, mara nyingi miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza kuota.

Ni nini huiamsha saa hii? Lishe ina sehemu kubwa. Mwili husubiri hadi uwe na akiba ya kutosha. Katika nchi za Ulaya, wasichana wa katikati ya karne ya 19 walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au zaidi. Wa leo huvunja wakiwa na miaka 13 hivi, kwa sababu wanakula vizuri na wanaugua kidogo. Kwetu pia, binti anayeshiba huwahi kuliko bibi yake aliyekulia katika njaa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Homoni zile haziishii kwenye matiti, nyonga na sauti. Hurudi kichwani na kufanya kazi katika ubongo wenyewe. Ubongo ndio ulioamsha mwili, kisha mwili nao ukaanza kuugeuza ubongo.

KUPOGOLEA MIKOROSHO

Mtoto wa miaka 6 ana ubongo ambao ukubwa wake umekaribia sana ule wa mtu mzima. Kwa hiyo zamani watu walidhani kwamba kazi kubwa imekwisha. Lakini mwaka 1999 daktari Jay Giedd na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walitoa matokeo ya kupiga picha bongo za watoto wale wale, tena na tena kadiri walivyokua. Waliona kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, zile tabaka za kijivu ziliongezeka hadi karibu miaka 11 kwa wasichana na miaka 12 kwa wavulana, kisha zikaanza kupungua.

Kupungua? Je, mtoto anakuwa mjinga? Hapana. Sisi watu wa korosho tunaweza kulielewa hili upesi kuliko wengine. Baada ya mavuno mkulima huingia shambani na panga, akapogolea mikorosho yake. Matawi yanayosongana huyakata ili yale yanayobaki yapate jua na kuzaa. Mgeni akipita atasema shamba linaharibiwa. Mwenye shamba anajua kwamba linatengenezwa.

Ndivyo ubongo unavyofanya katika ujana. Mtoto ana viungo vingi mno kati ya chembe na chembe. Vile vinavyotumiwa hubaki na kupata nguvu. Vile visivyotumiwa hukatwa. Kisha njia zilizobaki hufunikwa kwa utando wa mafuta uitwao mielini, na habari hupita ndani yake kwa kasi kubwa zaidi, kama vile njia ya miguu inavyogeuzwa kuwa barabara ya lami.

Basi, mama mwenzangu, jiulize: mwanao anatumia nini kila siku? Anayesoma, anayehesabu fedha za duka, anayeimba kwaya, anayezoea kusema kweli na kuomba radhi, njia hizo ndizo zinazobaki. Anayezoea kudanganya, kupiga na kunywa, hizo nazo ni njia, na ubongo hauchagui kwa niaba yake.

MOYO WA MBIO, BREKI CHANGA

Kazi hii haiendi kwa mwendo mmoja katika ubongo wote. Sehemu za ndani, zinazohusika na furaha, tamaa, hofu na hasira, huchangamka mapema, na homoni za balehe huzichochea. Kijana huonja utamu wa jambo jipya kwa nguvu kuliko mtoto mdogo, na mara nyingi kuliko mtu mzima. Sifa ya rafiki inampandisha mbinguni. Kicheko cha rafiki kinamtia kaburini.

Lakini ile sehemu ya mbele, inayosema "ngoja kwanza", "kesho itakuwaje?", "mama atasema nini?", hiyo ndiyo ya mwisho kukomaa. Huendelea kujengwa hadi mtu anapokaribia au kupita miaka 20 na kitu, wengine hadi 25. Tena haikomai kwa sababu hedhi imekuja. Inakomaa kwa miaka na kwa mazoezi. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote: binti akila vizuri anaweza kuvunja ungo mapema kwa miaka miwili, lakini busara haisogei mbele kwa miaka miwili pamoja nayo.

Fikiria gari linaloteremka kutoka Newala kwenda Masasi. Injini ina nguvu, mteremko ni mkali, na fundi hajamaliza kufunga breki. Hutasema gari hilo ni bovu. Lakini hutaliachia liende peke yake.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta. Walipocheza peke yao, vijana hawakuwapita sana watu wazima kwa kuthubutu hatari. Walipotazamwa na marafiki, wale wa miaka 13 hadi 16 walithubutu hatari nyingi zaidi, na watu wazima hawakubadilika. Basi binti yako anapokujibu vizuri jikoni kwamba hatakwenda kwenye disko, hakudanganyi. Jikoni, mkiwa wawili na mmetulia, anafikiri karibu kama wewe. Ni huko njiani, wenzake wanapomwita na muziki unalia, ndipo breki changa zinaposhindwa.

Jambo moja zaidi. Wakati wa balehe, saa ya usingizi nayo husogea. Homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka usiku, hivyo kijana huchelewa kusinzia na huona taabu kuamka. Naye anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Binti wa uwanda wa Makonde ambaye huamshwa alfajiri kufuata maji mbali, akatembea kwenda shule, akapika jioni na kisha akasoma kwa taa, hawezi kuipata hesabu hiyo. Tusimwite mvivu kabla hatujahesabu saa zake za kulala.

KWA NINI NYIMBO ZA UNYAGO HAZISAHAULIKI

Muulize bibi yako wimbo aliofundishwa ndani. Atauimba wote, ingawa amesahau alichokula juzi. Sababu yake iko kichwani. Jambo linaloingia pamoja na hisia kali, kama furaha, hofu, aibu au ngoma ya usiku, huandikwa katika kumbukumbu kwa wino mzito. Na ujana ni wakati ambapo hisia zina nguvu. Wazee wetu hawakuwa na mashine za kupiga picha ubongo, lakini walijua saa ya kufundisha.

Kwa hiyo sisemi kwamba unyago ni upuuzi. Nasema kwamba ni kalamu yenye wino mzito, na tunapaswa kuangalia sana inachoandika. Ikiandika heshima, usafi wa hedhi, kuwahudumia wazee na kuuthamini mwili kama hekalu la Roho, hayo yatabaki. Ikiandika kwamba thamani ya mwanamke ni kumfurahisha mwanamume kitandani, na msikilizaji ni mtoto wa miaka 9, hayo nayo yatabaki. Na ikiandika kwa fimbo na matusi, hofu itabaki. Tukumbuke kwamba magonjwa mengi ya akili huanza katika miaka ya utoto na ujana. Ubongo unaojengwa ni mwepesi kujifunza, na ni mwepesi pia kujeruhiwa.

Kwa wavulana pia ni hivyo. Anatoka jandoni, anaambiwa wewe ni mwanamume, na mabibo yanapoiva anakaribishwa kwenye kata ya uraka pamoja na wajomba. Pombe huuharibu ubongo unaojengwa kuliko uliokwisha kujengwa, na anayeanza kunywa mapema hunaswa kwa urahisi zaidi. Si uanaume huo.

WALIOTUTANGULIA WALIONA

Jambo hili si geni katika kanisa la kwetu. Misheni ya Kianglikana ilianza Masasi mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala, akaandika kwa mshangao juu ya unyago alioushuhudia. Wamisionari wengi wa zama zile walitaka mambo hayo yafutwe kabisa.

Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, alichukua njia nyingine. Pamoja na mapadre Waafrika alilikubali jando, akaliondolea yasiyopatana na Injili, akaweka sala na mafundisho ya Kikristo kumbini. Wasichana nao walifanyiwa malango, yaani mafunzo yao chini ya uongozi wa wanawake Wakristo. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu, na upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Lakini aliona jambo moja kwa usahihi: saa hii ya maisha haiwezi kuachwa tupu. Kanisa lisipofundisha, mwingine atafundisha.

Tena desturi yenyewe ilikuwa na busara ambayo sisi tumeiacha. Mwali hakufundishwa kwa siku chache tu na kuachwa. Alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfuata hata alipoolewa, hata alipopata mimba ya kwanza. Yaani alipewa breki za kuazima hadi zake zikomae. Leo tumebakiza sherehe na pilau, tumemsahau somo.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiwacheze watoto wadogo. Kumwambia mtoto wa miaka 9 kwamba amekua ni kumwambia uongo, na yuko atakayeuamini. Namaanisha mwanamume wa miaka 35 anayemnong'oneza binti wa shule, "Wewe umechezwa, unajua kila kitu." Ubongo wa mwanamume huyo umekwisha komaa. Breki anazo. Lawama ni yake, tena mbele ya sheria na mbele za Mungu, wala tusimtwishe mtoto.

Pili, tusiondoke baada ya sherehe. Mchagulie binti yako somo mcha Mungu, shangazi au mama wa kanisani, ambaye atakaa naye walau mara moja kwa mwezi hadi amalize shule. Yako maswali ambayo mtoto hawezi kumwuliza mama yake mzazi. Desturi yetu inalijua hilo, tuitumie.

Tatu, tufundishe wakati wa utulivu, na turudie. Usingoje hadi kosa litendeke ndipo uzungumze huku unapiga kelele. Wakati huo sehemu ya hofu imewaka na hasikii. Zungumza mnapobangua korosho. Muulize: "Wenzako wakikuita usiku utajibuje?" Mwache alitamke jibu mwenyewe kwa sauti. Jibu lililozoewa hutoka lenyewe siku ya jaribu.

Nne, mpe madaraka kidogo kidogo. Atunze fedha za chumvi na sabuni, apange ratiba yake, na akikosea ajifunze. Sehemu ya mbele ya ubongo hukua kwa kutumiwa. Mtoto anayeamuliwa kila kitu hatajua kuamua.

Tano, akianguka usimfukuze. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini kwetu, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Hao ni wetu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni. Ubongo wa binti wa miaka 16 bado una miaka mingi ya kujengwa. Yeye hajakwisha, anayesema amekwisha ni sisi.

KIMO NA HEKIMA

Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatueleza juu ya Yesu alipokuwa na miaka 12. Wazazi wake walimtafuta kwa siku tatu kwa uchungu. Walipompata, mama yake hakunyamaza. Alimwuliza kwa nini amewafanyia hivyo. Naye akarudi nao nyumbani Nazareti, akawatii, akazidi kukua. Angalieni kwamba Luka hutaja kimo, na hutaja hekima mbali. Kama Mwana wa Mungu alihitaji miaka baada ya ile kumi na miwili, nyumbani, chini ya macho ya Mariamu na Yusufu, sembuse wetu?

Mwali ametoka ndani. Tumshangilie, ndiyo. Lakini vigelegele vikinyamaza, mama asiende kulala. Kazi ndiyo kwanza imeanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Wewe ulichezwa ukiwa na umri gani? Ni neno gani ulilofundishwa ambalo bado unalikumbuka, nalo limekusaidia au limekuumiza?

2. Katika kijiji chetu watoto huchezwa wakiwa na umri gani sasa? Tunaweza kukubaliana nini na makungwi?

3. Ni mama yupi kanisani kwetu anayefaa kuwa somo wa mabinti wasio na shangazi karibu?

4. Wana wetu wa kiume wanafundishwa nini juu ya kumheshimu binti?

Bwana awape subira na kicheko katika malezi.